Kupima ari ya kujifunza hisabati kwa vijana wa sekondari: mwongozo kutoka darasa la kando ya ziwa

Mara ya kwanza kupima ari ya wanafunzi wangu niliandika maswali kumi ubaoni, nikagawa vikaratasi, nikawaambia waandike majina na wajibu ukweli. Fimbo ilikuwa kwapani muda wote ule. Wala sikuiona, maana mwalimu wa hesabu akishaizoea fimbo haioni tena, kama mchuuzi wa soko la samaki la Mwaloni asivyosikia harufu ya dagaa. Karibu darasa zima lilijibu kwamba linaipenda hisabati sana. Wiki iliyofuata nikasahihisha jaribio la aljebra, na karatasi nyingi zilikuwa na jina na tarehe tu.

Watoto wale hawakunidanganya kwa ubaya. Walimjibu mwalimu. Swali lilikuwa kwenye karatasi, jibu likaja kwa mtu mzima aliyesimama mbele yao, na kwetu mtu mzima akikuuliza kama umekipenda chakula chake husemi hapana. Kwa hiyo kazi ya hatua zote zinazofuata ni moja: kumfikisha mtoto mahali pa kuijibu karatasi badala ya kukujibu wewe.

Nimeandika kwa ajili ya mwalimu wa sekondari wa Mwanza na wilaya zake, na kwa mwanachuo wa ualimu anayetaka kufanya utafiti wake shuleni. Unahitaji karatasi, kalamu, boksi lenye tundu, na kompyuta yenye Excel au simu yenye programu ya namna hiyo.

Hatua ya 1: Jua unachopima, na usikiite motisha

Ukimwambia mwanafunzi unapima "motisha" atauliza inatolewa lini. Mtaani na maofisini neno hilo limeshakuwa posho, zawadi ya sabuni na madaftari kwa waliofaulu. Kwenye karatasi ya mtoto usiliandike kabisa. Hata "hesabu" lina mtego: kijana ambaye kaka yake anaendesha bodaboda anajua hesabu ni ile pesa ya kila siku ya kumpelekea tajiri. Andika "hisabati" au "somo la hesabu".

Halafu achana na wazo kwamba ari ni kitu kimoja, kingi kwa huyu na kidogo kwa yule. Wafikirie watoto watano wa dawati la nyuma. Mmoja anabaki darasani wakati wa mapumziko kwa sababu swali limemkwama na hataki limshinde. Wa pili halifurahii somo, ila anataka kuwa fundi wa mitambo ya meli na anajua bila hisabati hafiki. Wa tatu anasoma ili asichekwe akiitwa ubaoni. Wa nne anaogopa adhabu, shuleni au nyumbani. Wa tano yupo tu, mkono shavuni, alishaacha kuangalia ubao tangu kidato cha kwanza. Wanne wa mwanzo wote wanaweza kukuletea daftari lililojaa. Ukipima juhudi peke yake utawaona sawa, na siku adhabu ikiondoka utashangaa wa nne amekwenda wapi.

Mpangilio huu haukutoka kichwani mwangu. Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani, waliueleza kwa kina mwaka 1985: kuna ari inayotoka ndani, ipo inayosukumwa na nje kwa viwango tofauti, na upo utupu wa ari. Nami nayaita makundi yale matano raha, maana, aibu, lazima na kukata tamaa. Kundi la aibu linabeba na sifa pia, kwa sababu anayesoma asichekwe na anayesoma apigiwe makofi wote wanaangalia macho ya wenzao.

Pembeni ya hayo matano kuna kujiamini, ambako mwanasaikolojia Albert Bandura alianza kuandika habari zake mwaka 1977. Kupime peke yake. Mtoto anaweza kulipenda somo na bado akaamini haliwezi.

Hatua ya 2: Ruhusa

Ukipima darasa lako ili ufundishe vizuri zaidi, mkuu wa shule anatosha. Kama ni utafiti wa chuo, barua inatoka chuoni, inapita ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, inakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri husika (Jiji la Mwanza kwa shule za Nyamagana, Manispaa kwa za Ilemela), ndipo inafika kwa mkuu wa shule. Anza mapema, barua hutembea kwa miguu.

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mwenye umri chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo omba idhini ya mzazi au mlezi, kisha umuombe na mtoto mwenyewe. Akikataa amekataa, hata kama baba yake amesaini. Taarifa zao nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hivyo picha za karatasi zilizojazwa zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la walimu.

Hatua ya 3: Andika kauli

Dodoso zilizokwisha kutengenezwa zipo. Ile maarufu ya Robert Vallerand na wenzake, ya mwaka 1992, ina kauli 28, ila mizizi yake ni Kanada, kwa wanafunzi wa vyuo. Mtoto wa kidato cha pili Sengerema si mwanachuo wa Kanada. Kuazima mpangilio si vibaya, lakini maneno yatunge hapa.

Andika kwa Kiswahili. Najua sekondari tunafundisha kwa Kiingereza. Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Ukiuliza kwa Kiingereza utakuwa unapima Kiingereza, na mtoto anayepiga hesabu za sado na gunia kichwani kila Jumamosi pale Kirumba ataonekana hana ari.

Tunga kauli nne kwa kila kundi, jumla ishirini. Hizi ni baadhi ya zangu.

Raha:
- Swali la hisabati likinishinda shuleni, huwa nalifikiria hata nikiwa nyumbani.
- Huwa nafanya maswali ya hisabati ambayo mwalimu hakuyatoa.
- Kipindi cha hisabati huwa naona kimeisha haraka.

Maana:
- Kuna kazi ninayoitaka ambayo inahitaji hisabati.
- Hisabati inanisaidia kujua kama nimepunjwa sokoni.

Aibu:
- Nafanya mazoezi ya hisabati ili wenzangu wasinicheke.
- Nikikosa swali ubaoni, najiona mjinga.
- Nataka nionekane mmoja wa wanaojua hisabati.

Lazima:
- Nafanya kazi ya nyumbani ya hisabati ili nisiadhibiwe.
- Nasoma hisabati kwa sababu nyumbani wananilazimisha.

Kukata tamaa:
- Hata nikijitahidi, hisabati haitaniingia.
- Huwa najiuliza hisabati naisomea nini.

Utaona nyingi zinauliza mtoto anafanya nini au nini kinamtokea. Kauli kama "Hisabati ni muhimu kwa maisha yangu" ni hasara ya wino. Wote watakubali, kwa sababu ndivyo wanavyoimbiwa paredi kila asubuhi, na kauli inayokubaliwa na wote haikutenganishii mtu na mtu.

Kila kauli ibebe jambo moja. "Naipenda na ninaielewa hisabati" ni mbili. Anayeipenda bila kuielewa ajibu nini? Epuka pia kuanza na ukanushi. "Siogopi hisabati" ikikutana na jibu la "si kweli", hata mimi niliyeiandika nalazimika kusimama na kufikiri. Ukimaliza, changanya mpangilio ili kauli za kundi moja zisifuatane.

Majibu yawe manne: si kweli kabisa kwangu (1), si kweli sana (2), kweli kiasi (3), kweli kabisa kwangu (4). Rensis Likert mwaka 1932 alitumia ngazi tano, na wengi mpaka leo wanamfuata. Mimi nimeondoa ile ya katikati. "Sina uhakika" kwa wanafunzi wetu ni kichaka: asiyetaka kumuudhi mwalimu na asiyetaka kusema uongo wote wanajificha humo. Richard Ryan na James Connell nao walitumia ngazi nne kwenye dodoso lao la watoto la mwaka 1989, kwa hiyo si ubishi wangu tu.

Hatua ya 4: Onja kauli kabla ya kuzipakua

Hatua hii ndiyo watu wanairuka, nami ndiyo ninayoithamini kuliko zote.

Katika dodoso langu la pili kulikuwa na kauli ya kutafsiri, "Hisabati inanisisimua". Nilifanya kama vitabu vinavyoagiza: mwalimu mmoja akatafsiri, mwingine ambaye hakuiona ya mwanzo akairudisha kwenye Kiingereza, zikafanana. Nikaridhika. Kisha nikaenda shule ya jirani ambako sifundishi, nikaketi na binti wa kidato cha pili kwenye ngazi za maabara.

"Isome, halafu uniambie kwa maneno yako inasema nini."

Akaisoma kimoyomoyo. "Ni kweli kabisa kwangu, Mwalimu."

"Kwa vipi?"

"Nikisikia tu viatu vya mwalimu wa hesabu pale varandani, mwili wote unasisimka. Mpaka vinyweleo vinasimama."

Angejaza nne, nami ningemhesabu kati ya wanaolifurahia somo. Walimu wawili wenye shahada hatukuliona hilo.

Basi tafuta wanafunzi sita hadi wanane, wasiwe wa darasa utakalopima, wawe mchanganyiko: wavulana na wasichana, wanaofaulu na wanaofeli, wa mjini na waliotoka vijijini au visiwani. Mmoja mmoja, mpe kauli, asome, aieleze upya kwa maneno yake, kisha aseme angejibu nini na kwa nini. Usimsahihishe. Anaposita, andika neno alilosita. Anapouliza "yaani?", kauli hiyo ina kasoro. Kauli ikieleweka vibaya na wawili, ibadilishe, irudishe tena kwa wengine wawili. Siku mbili za kazi hii zinafaa kuliko kompyuta yoyote utakayowasha baadaye.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Chagua wiki ya kawaida. Wiki ya kurudisha matokeo ya majaribio haifai, na karibu na mtihani wa taifa ndiyo kabisa. Kwa shule za karibu na mialo kama Igombe au Kayenze, angalia na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na siku hizo baadhi ya vijana wanakuja darasani na usingizi baada ya kazi ya ufukweni, au hawaji kabisa. Ukipima wakati huo utaandika uchovu ukidhani ni kukata tamaa, na wale ambao hawakuja hutawahesabu.

Asisimamie mwalimu wao wa hisabati. Mwombe mwenzako wa Kiswahili au mwanachuo aliye mazoezini, mikono mitupu. Majina yasiandikwe. Kama utapima tena baadaye, kila mmoja ajitengenezee alama yake: herufi ya kwanza ya jina la mama, tarehe ya siku aliyozaliwa, herufi ya kwanza ya shule yake ya msingi. Ataikumbuka, wewe huijui.

Anza na kauli ya kujifunzia isiyohusu shule. Mimi natumia "Napenda sato kuliko dagaa". Darasa linacheka, wanabishana, na katika ubishi huo wanaona kwamba mtu anaweza kuweka "si kweli kabisa" na hakuna kinachomtokea. Kisha msimamizi asome kila kauli mara mbili kwa sauti, bila kukazia neno, maana wapo wanaosoma polepole na wanaona aibu kubaki nyuma. Kauli ishirini hazimalizi kipindi kimoja. Karatasi wazitumbukize wenyewe kwenye boksi lililo mlangoni. Usizikusanye kwa mkono. Ukishika karatasi ya mtoto tayari umeiangalia.

Kujiamini kuna karatasi yake fupi. Onyesha maswali ya kiwango walichofundishwa, wasiyafanye, waandike tu kutoka 0 hadi 10 wana uhakika gani wa kuyapata. Moja liwe bila maneno, kama 3x + 5 = 20. Mengine mawili yawe ya maneno na ya aina moja, tofauti ni namba tu: moja kwa Kiingereza, jingine kwa Kiswahili. Mtoto anayejipa 3 kwenye la Kiingereza na 8 kwenye la Kiswahili amekueleza jambo ambalo dodoso zima la ari lisingekueleza.

Hatua ya 6: Tazama na wanachofanya

Mwaka 1971 Deci aliwapa wanachuo mafumbo ya Soma, mchezo wa vipande saba, kisha akawa anawaacha peke yao muda kidogo na kuangalia nani anaendelea kucheza bila kuambiwa. Waliokuwa wamelipwa, malipo yalipokoma, walielekea kuugusa mchezo kwa muda mfupi kuliko awali. Kipimo chake kilikuwa saa, si maneno.

Kwetu unaweza kufanya hivi. Kabla ya mapumziko weka mezani vikaratasi ishirini vya fumbo moja: una ndoo ya lita 5 na ya lita 3, upo ufukweni, pima lita 4 kamili. (Jibu sikupi.) Waambie havina alama wala havikusanywi, anayetaka achukue. Toka nje. Rudi baada ya mapumziko uhesabu vilivyobaki, na siku mbili zijazo sikiliza nani anabishana kuhusu ndoo. Hicho ni kipimo cha darasa, si cha mtoto mmoja mmoja, lakini kinakuambia kama zile alama za 4 kwenye kauli za raha ni za kweli.

Madaftari pia yanasema. Kosa moja likijitokeza vilevile kwenye madaftari matatu, hapo watu wamenakili: kuna lazima, raha haipo.

Hatua ya 7: Hesabu

Ingiza kwenye Excel, mwanafunzi mmoja mstari mmoja, kauli moja safu moja. Tafuta wastani wa kila kundi kwa kila mwanafunzi. Akiruka kauli moja kati ya nne, chukua wastani wa tatu zilizobaki. Akiruka mbili, kundi hilo liache wazi. Waliojaza 4 mwanzo hadi mwisho waweke kando na utaje idadi yao, kwa sababu mtu hawezi kukifurahia kipindi na wakati huohuo awe ameshaacha kuangalia ubao.

Chukua mfano wa mwanafunzi mmoja. Raha: 2, 1, 2, 1, wastani 1.5. Maana: 4, 3, 4, 3, wastani 3.5. Aibu: 3, 3, 2, 3, wastani 2.75. Lazima: 4, 4, 3, 4, wastani 3.75. Kama unataka namba moja, Ryan na Connell walizidisha ari ya ndani kwa 2, maana kwa 1, aibu kwa −1, lazima kwa −2, wakajumlisha. Hapa ni 3 + 3.5 − 2.75 − 7.5 = −3.75, kwenye mstari unaoanzia −9 hadi 9. Kijana huyu anasukumwa. Ila mimi siipendi sana namba hiyo moja, kwa sababu inaficha ile 3.5 ya maana, na ndipo mwalimu anapoweza kumshikia. Kukata tamaa kunabaki nje ya fomula. Kuangalie peke yake.

Kisha hakikisha kauli nne za kundi zinavuta upande mmoja. Kipimo kinachotumika zaidi ni alfa ya Lee Cronbach, ya mwaka 1951. Kwa fomula ya Excel ya VAR.S tafuta varianzi ya kila kauli (kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika), uzijumlishe. Tafuta na varianzi ya jumla ya alama za kundi. Tuseme ya kwanza ni 3.2 na ya pili 8.0. Gawanya: 0.4. Toa kwenye 1: 0.6. Zidisha kwa 4/3, yaani idadi ya kauli gawanya kwa idadi hiyo pungufu moja. Unapata 0.8. Desturi ni kuridhika na 0.7 na kuendelea. Ikiwa chini, tumia fomula ya CORREL kulinganisha kila kauli na jumla ya zile tatu nyingine. Inayokwenda kinyume ndiyo mkorofi, na mara nyingi ni ile uliyosita nayo kwenye hatua ya nne ukaiacha kwa uvivu.

Usifurahie tofauti ndogo. Kwa darasa la watoto 45 na mkengeuko sanifu (kipeuo cha pili cha varianzi) wa 0.7, gawanya 0.7 kwa kipeuo cha pili cha 45: takribani 0.1. Wastani wa darasa unaweza kuyumba 0.2 juu au chini kwa bahati tu. Anayekuambia ari imepanda kutoka 2.6 hadi 2.7 amekuambia hewa.

Hatua ya 8: Rudi darasani

Chora ubaoni wastani wa makundi matano, bila alama ya mtu yeyote, uwaulize wao wenyewe wanaona nini. Usianze kueleza.

Nilipofanya hivyo, mstari wa aibu ulikuwa mrefu kuliko mingine yote, na kimya kilikuwa kirefu vilevile. Hatimaye msichana mmoja wa mbele akasema, akitazama daftari lake, "Mwalimu, ni kule kuitwa ubaoni peke yako." Wengine wakaguna kwa kukubali. Tukapatana waende wawiliwawili, na mwenye chaki awe na haki ya kumuuliza mwenzake kwa Kiswahili.

Nikapima tena mwisho wa muhula, kauli zilezile, msimamizi yuleyule, wiki ya mbalamwezi. Aibu ilishuka kwa zaidi ya nusu alama. Kujiamini kwenye swali la Kiswahili kulipanda, la Kiingereza kukabaki palepale. Raha haikusogea.